Maana fiche katika tamthilia ni nini?

Wanawake wawili wako uani Ujiji, alasiri. Mmoja ameketi mkekani, mwenzake yuko nyuma yake kwenye kigoda, anamsuka. Kesho anayesukwa anapanda treni kwenda Tabora kuolewa. Msusi anakaribia sikio, anasita. "Mstari umepinda. Ngoja nifumue." Anafumua, anaanza upya. Bi harusi mtarajiwa anacheka: "Shoga, jua linazama ziwani na wewe bado uko na kichwa changu!" "Na lizame," anajibu msusi, kisha anafumua mstari uliokuwa umenyooka kabisa.

Hakuna aliyetaja mapenzi, lakini mtazamaji wa kiti cha nyuma ameshajua kwamba msusi hataki kazi iishe. Hicho alichokijua ndicho maana fiche: jambo ambalo mhusika halisemi, ila linasikika chini ya maneno yake, katika mikono yake, katika kusita kwake, hata katika swali analoruka bila kulijibu.

Wengi huichanganya na fumbo. Fumbo lina mwenyewe. Mwanamke anayevaa kanga yenye jina la kumchoma jirani anajua anachosema, na anataka jirani akisome. Maana fiche si lazima iwe na mwenyewe. Huenda mhusika ameizika mbali kiasi kwamba ukimuuliza ataapa haipo, na hatakuwa anadanganya. Ndiyo sababu waandishi huitumia wanapoandika juu ya mwanamke anayempenda rafiki yake kuliko urafiki, naye hana pa kuliweka pendo hilo.

Mfano mkubwa ni The Children's Hour, tamthilia ya Mmarekani Lillian Hellman iliyopanda jukwaani New York mwaka 1934. Karen na Martha ni marafiki wa miaka mingi, wanaendesha shule ya bweni ya wasichana. Mwanafunzi mmoja anampelekea bibi yake uongo kwamba walimu hao ni wapenzi. Wazazi wanawaondoa watoto wao, shule inakufa. Karibu na mwisho Martha anamwambia Karen kwamba kwa upande wake, ndani ya uongo ule mlikuwa na kweli ambayo hakuwa ameijua. Muda mfupi baadaye anajiua.

Rudi sasa mwanzoni. Karen anapozungumzia kuolewa na daktari Joe Cardin, Martha anakuwa mkali bila sababu inayotosha. Shangazi yake anamkumbusha kwamba tangu utotoni alikuwa akikasirika rafiki yake akimpenda mtu mwingine. Mara ya kwanza tulidhani ni mwanamke aliyechoshwa na kazi. Yote yalikuwa pale, tumeyasikia kwa masikio yetu, na tumeyapita kama Martha mwenyewe alivyoyapita. Mimi naona hapo ndipo ukubwa wa tamthilia hii ulipo, kuliko hata katika ungamo lenyewe.

Kulificha jambo hakukuwa ufundi tu. London ilikataa kutoa kibali cha kuionyesha hadharani. Filamu iliyotokana nayo mwaka 1936 ililiondoa kabisa suala la wanawake wawili, ikaweka uvumi kwamba mmoja ana uhusiano wa siri na mchumba wa mwenzake.

Mwandishi wa Kiswahili ana kitu ambacho Hellman hakuwa nacho: neno shoga. Kati ya wanawake ni rafiki wa chanda na pete, wa kupeana siri na kuazimana kanga. Leo neno hilohilo humtaja pia mwanamume anayependa wanaume, na wapo wasichana wanaoanza kulikwepa. Linaniuma hilo, kwa sababu ni neno la upole tulilorithi. Jukwaani, hata hivyo, uzito huo mpya unafaa. Bi harusi akisema "shoga yangu" analisema kwa wepesi, na msusi nyuma yake analisikia kwa namna nyingine. Mwandishi akiharakisha kumtupia "msagaji", neno la kuhukumu, hadhira itaacha kutazama mikono na kuanza kumhukumu mtu.

Kwa hiyo mwigizaji wa msusi asipewe machozi. Apewe chanuo, na aambiwe afumue polepole.