Kabla ya Mganga, Tuulize Mtoto Amekula Nini

Wazazi wengi wanaofika katika dawati la ustawi wa jamii kulalamikia watoto wao wa sekondari huja na maelezo yaleyale: amekuwa mkali, analala darasani, akirudi anajifungia hataki kusemeshwa. Baadhi wamekwishapita kwa mganga au kwenye maombi. Sisi huanza na swali linalowakera: jana alikula nini, na saa ngapi?

Huwakera kwa sababu jibu wanalijua. Hapa Dar es Salaam, iwe Mbagala, Manzese au Vingunguti, familia nyingi zinapiga pasi ndefu, yaani zinashinda bila kula hadi usiku. Mtoto anatoka alfajiri kugombea daladala bila hata chai ya rangi, na chakula cha uhakika ni cha usiku, mama akisharudi kutoka kwenye biashara. "Hata sisi tulikua hivyohivyo," wazazi hutuambia. Hoja hii tumeichoka. Mwili wa kijana balehe unakua kwa kasi, na msichana anapoteza damu kila mwezi. Upungufu wa damu peke yake huleta uchovu na unyong'onyevu unaodhaniwa ni uvivu. Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, hasira ziko karibu. Mashetani mengi yanayosemwa kumpanda mtoto saa saba mchana yanaanzia hapo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kufanyiwa utafiti wa njaa, wakapunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Wengi waliingiwa na huzuni, wakawa wakali, wakajitenga na wenzao. Hao walikuwa watu wazima, na walijua njaa yao itakoma lini.

Kijana wa mtaani kwetu hajui. Wasiwasi wa kama usiku kutapikwa chochote, na aibu ya kujificha wakati wenzake wananunua mihogo, vinamtesa hata siku ambayo tumbo limepata kitu. Hapo ndipo fataki, mwanaume mtu mzima anayerubuni wasichana wadogo, anapoingia na sahani ya chipsi. Niwakumbushe: mtu mzima anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 hushitakiwa kwa kubaka, hata akidai binti aliridhia, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Wazazi wanaoyamaliza sebuleni kwa kupokea fedha wajue kwamba kesi ya jinai si mali yao ya kuuza.

Si kila kijana mwenye huzuni ana njaa, wala sahani ya wali haitibu sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Akianza kutaja kufa au kujidhuru, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Hofu ninayoisikia zaidi ni kwamba mzazi akikiri nyumbani hakuna chakula, atafungwa au atanyang'anywa mtoto. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini sheria hiyohiyo inapowataka wananchi kutoa taarifa, inamtaja mzazi mwenye uwezo anayekataa au kupuuza: baba mwenye bajaji mbili aliyewatelekeza watoto kwa bibi yao. Taarifa hupelekwa serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii humwita mlalamikiwa, hujadiliana naye, na hutoa uamuzi kwa kuzingatia maslahi ya mtoto. Akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani, ambako anaweza kutakiwa kusaini ahadi ya kutoa matunzo. Asiye na uwezo aje mwenyewe, tuzungumze na shule na mtendaji wa mtaa wake.

Elimu bila ada iliyoanza 2016 haikumwondolea mzazi wajibu wa kumlisha mtoto. Chakula cha shule kinategemea michango inayokubaliwa na mkutano wa wazazi, na wanaolalamika zaidi baadaye mara nyingi ndio wasiohudhuria. Vilevile, mwalimu haruhusiwi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia maharage.

Anayeona aibu kufika ofisini apige 116, namba ya huduma kwa mtoto. Simu ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kupiga. Kwetu hakuna fomu ya kununua. Mtu akikudai hela ya fomu, mripoti.