Kolesteroli inasafirije mwilini? Majibu kwa akina mama wa soko la Kadutu

Maswali haya nimeulizwa na akina mama wanaouza mawese na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu, baada ya mmoja wao kurudi na karatasi ya labo asiyoielewa. Ninayaandika kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye karatasi kama ile mkononi.

Karatasi imeandikwa kolesteroli ya jumla, LDL na HDL. Kwani tuna kolesteroli ngapi?

Moja tu. Kinachotofautiana ni chombo kinachoibeba. Mama, wewe humwagi mawese ziwani ukangoja yafike Goma yenyewe: unayatia katika bidoni, unaandika jina la mpokeaji, ndipo unapakia botini. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na kolesteroli haichanganyiki na maji. Basi mwili unaifunga katika vifurushi vidogo mno, yaani lipoproteini: ndani mafuta, nje ganda lenye protini. Protini hiyo ndiyo jina lililoandikwa kwenye bidoni. Seli zikilisoma zinajua mzigo ni wa nani. LDL na HDL ni bidoni mbili tofauti. Na kolesteroli yenyewe si uchafu. Kila seli inaitumia kujenga ukuta wake, na homoni za uzazi zinatokana nayo.

Asubuhi za baridi mawese yanaganda chupani. Ndivyo yanavyoganda katika damu?

Hapana. Mwezi wa saba nami nayaona dirishani kwangu: chini mazito ya rangi ya chungwa, juu mepesi mekundu. Yale mazito yamejaa mafuta yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, ambayo ni karibu nusu ya mawese yote. Lakini mwili una joto la digrii 37, hayagandi humo. Tena mawese yanatoka kwenye mti, hayana kolesteroli ya kuhesabika. Madhara yake yanapitia kwenye ini, kama nitakavyoeleza sasa.

LDL inadhuru kwa njia gani?

Hapa naomba tukae kidogo. Ini linapeleka mafuta kwenye misuli kwa bidoni kubwa. Zikishapakua, nyingi zinabaki LDL, zimejaa kolesteroli. Zinatakiwa kupokelewa na seli, hasa za ini lenyewe, kupitia milango maalumu inayoitwa vipokezi. Milango hiyo iligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walionyesha kwamba seli iliyoshiba kolesteroli inapunguza milango yake. Ukila mafuta yaliyoshiba kwa wingi, ini nalo linapunguza milango.

LDL zisizopokelewa zinazunguka siku nyingi. Nyingine zinapenya chini ya utando wa ndani wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, zinanasa, zinaharibika. Seli za kinga zinakuja kuzimeza, nazo hazijui kusema basi: zinameza mpaka zinavimba kwa mafuta. Hiyo ndiyo akiba mbaya. Inajengeka miaka mingi bila maumivu yoyote, na siku utando ukipasuka, damu inaganda papo hapo. Njia ikiziba moyoni ni shambulio la moyo. Ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

HDL inaiondoa?

Inasaidia. Inakusanya kolesteroli iliyozidi kwenye seli, hata zile zilizovimba, na kuirudisha kwenye ini. Mwili hauwezi kuichoma kolesteroli kama unavyochoma sukari. Njia yake kuu ya kutoka ni nyongo, kisha choo. Lakini usitulie kwa sababu HDL yako iko juu. Mwaka 2006 majaribio ya dawa ya torcetrapib, iliyopandisha HDL sana, yalisimamishwa kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi. Mimi kwenye karatasi ya labo ninatazama LDL kwanza.

Chai ya kuosha mishipa inayouzwa barabarani?

Usinunue. Inaniuma kuona mama akitoa faida ya wiki nzima kwa kitu hicho.

Tufanye nini basi?

Maharage! Karibu asilimia 95 ya chumvi za nyongo zinafyonzwa tena na utumbo. Nyuzi laini za maharage zinazikamata na kutoka nazo. Ini linalazimika kutengeneza nyingine, kolesteroli inahitajika, milango inafunguliwa, LDL inashuka. Mawese katika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, pima kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Daktari akikuandikia statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, nazo zinafuata njia hiyohiyo: zinapunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, nalo linaongeza milango. Kipimo kikishuka, ni dawa inayofanya kazi. Usiiache bila kuongea naye.

Baba yetu alikufa kwa moyo akiwa na miaka 42, na alikuwa mwembamba. Inatuhusu?

Inawahusu sana, na poleni. Karibu mtu 1 kati ya 250 duniani anazaliwa na hitilafu, mara nyingi ya milango hiyo, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wembamba haumkingi. Mkiona uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino, ile kamba nene nyuma ya kifundo cha mguu, msingoje. Nendeni mkapimwe wote, na watoto pia.