Mvinyo wa nchi za baridi haupatikani kwa kuuweka kwenye friji

Hapa Tanga, kuanzia Raskazone hadi Chumbageni, uliza kwenye baa kama wana mvinyo mwekundu wa nchi za baridi, na mhudumu atakwenda kupapasa chupa ndani ya friji. Wateja nao wanasema hivyo hivyo: "Huu ni wa baridi kweli, umelala humo tangu jana." Nimelisikia hilo mara nyingi mno.

Maana ya "mvinyo wa nchi za baridi" ni fupi. Ni mvinyo wa zabibu zilizoiva polepole, mahali ambako joto ni la miezi michache na usiku una ubaridi. Baridi inayosemwa ni ya shambani.

Kazi yake ni kulinda ugwadu. Zabibu ina asidi iitwayo maliki, na kwenye joto kali tunda huitumia haraka, huku sukari ikipanda. Usiku ukiwa wa baridi asidi hiyo hubaki. Ndiyo maana mvinyo wa huko huwa mwepesi mdomoni na mkali kidogo ulimini, wala haujatiwa maji kama wengine wanavyodhani. Mingi ina kilevi cha asilimia 12 hadi 13.5, na huo si udhaifu.

Chukua bonde la mto Ahr, kusini ya Bonn, Ujerumani. Ni eneo dogo, lenye hekta 500 na ushei tu za mizabibu, karibu nyuzi 50 kaskazini ya ikweta. Mtu angetarajia mvinyo mweupe tu, lakini sehemu kubwa ya zao lao ni nyekundu, hasa Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir. Mizabibu inapanda miteremko mikali ya mawe meusi yanayohifadhi joto la jua, na bila mawe hayo zabibu nyekundu zingepata shida kuiva.

Linaloniudhi zaidi ni hoja ya Lushoto. "Kule si kuna ukungu na watu wanavaa masweta? Basi zabibu za kule ni za nchi ya baridi." Hapana, ndugu zangu. Baridi ya Lushoto ni ya mwinuko. Tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, siku ina saa 12 mwaka mzima, na hakuna majira ya barafu ya kuulaza mzabibu. Kule Ahr mzabibu hupukutisha majani na kulala, kisha hupata siku ndefu za kiangazi, mwanga hadi saa 16, na mavuno ni mara moja, Septemba hadi Oktoba. Dodoma, ambako mzabibu haulali hivyo, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wa Dodoma nauheshimu sana, ila una tabia zake.

Ukiuonja huo wa Ahr, inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Wekundu wake ni hafifu, unaona vidole kwa upande wa pili, kwa kuwa ganda la Pinot Noir ni jembamba. Nusa kwanza. Kisha kunywa kidogo na usubiri: mate yatajaa pembeni mwa ulimi, kama unapouma plamu ya Lushoto ambayo haijalainika. Ukakasi ni mdogo. Wapo wanaorudisha chupa wakidai imechacha, kumbe mvinyo uliochacha hukupiga puani kwa harufu ya siki kabla hujaonja.

Mhudumu wetu asiache kuutia kwenye friji, maana chumba cha Tanga mwezi wa pili kinafika nyuzi 30 na zaidi, na Pinot Noir hupendeza kwenye nyuzi 14 hadi 16. Saa moja na nusu hadi mbili hivi zinatosha, na barafu isitiwe. Ila mteja akiuliza kama ni wa nchi za baridi, geuza chupa umsomee lebo: umetoka bonde gani, na zabibu zilivunwa mwaka gani.