Kataomoi si kuachwa

Siku hizi kila wimbo wa Kijapani wenye mwanamume anayelia unaitwa kataomoi. Naliona neno hili kwenye maelezo ya video, kwenye orodha za nyimbo, na hata kwenye tafsiri za Kiswahili ambazo vijana wetu wapenzi wa anime wanazifanya kwa bidii ya kupongezwa. Mtu kaachwa na mchumba wa miaka mingi, kataomoi. Mtu kafiwa na mpenzi wake, kataomoi. Hapana jamani. Neno hili lina mipaka, na uzuri wa nyimbo zenyewe umo ndani ya mipaka hiyo.

Maana yake kwa ufupi: kataomoi ni kumpenda mtu asiyekupenda, au asiyejua kabisa kwamba unampenda. Wawili wakipendana, hiyo ni ryōomoi. Hilo halina ugumu.

Utamu uko kwenye asili ya neno. Kata ni upande mmoja wa kitu ambacho kwa kawaida huwa na pande mbili. Katate ni mkono mmoja, katame ni jicho moja, na katamichi ni safari ya kwenda bila kurudi, kama unavyosema unapokata tiketi ya treni. Omoi linatokana na kitenzi omou, ambacho ni kuwaza na kuhisi kwa pamoja. Kijapani hakikujenga ukuta kati ya hayo mawili. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna nafasi ya mtu wa pili. Mwenye kataomoi anaona kitu cha watu wawili, na yeye amebeba upande wake tu.

Wajapani wa kale waliliona jambo hili baharini. Kuna konokono wa miambani aitwaye awabi, mwenye gamba moja pana, bapa, linalofanana kabisa na nusu ya chaza aliyepoteza nusu ya pili. Katika Man'yōshū, mkusanyiko mkongwe zaidi wa mashairi ya Kijapani uliobaki, wa karne ya 8, wenye mashairi zaidi ya 4,500 katika vitabu 20, kuna shairi kwenye kitabu cha 11 linalowataja wazamiaji wa pwani ya Ise wanaopiga mbizi asubuhi na jioni kutafuta awabi. Mshairi anasema pendo lake ni kama gamba la konokono huyo, la upande mmoja. Hadi leo msemo upo: kataomoi ya awabi wa mwambani. Napenda mfano huu kwa sababu ya usahihi wake. Awabi hakuvunjika, wala hakupoteza kitu. Alizaliwa na gamba moja, na anayemtazama ndiye anayelitafuta la pili.

Na mwanamume? Yumo humo tangu zamani. Katika kitabu cha 2 cha mkusanyiko huo huo kuna shairi la mwanamfalme Toneri, mtoto wa mfalme Tenmu, ambaye baadaye alisimamia kazi ya kuandika historia rasmi ya nchi iliyokamilika mwaka 720. Mtu mzito, kwa kifupi. Anajiuliza kama inafaa mwanamume shupavu ataabike kwa pendo la upande mmoja. Analalamika, kisha anakiri kwamba yeye, shupavu asiye na maana, bado anapenda. Neno alilotumia ni katakoi, ndugu wa karibu wa kataomoi. Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Mwanamke alimjibu kwa shairi, akamwambia kwamba ni kwa sababu mwanamume anamwaza huku akihema kwa huzuni ndiyo maana nywele zake yeye mwanamke alizozifunga zimelowa na kulegea. Watu wa zama zile waliamini nywele hulegea mtu akikutamani kwa mbali. Kwa hiyo pendo lililodhaniwa kuwa la upande mmoja lilikuwa limeshafika upande wa pili, na mwenyewe hana habari.

Koi, neno la pendo lililomo ndani ya katakoi, nalo lina jambo la kutazama. Waandishi wa Man'yōshū walitumia herufi za Kichina kuandika sauti za Kijapani, na mara kadhaa waliandika koi kwa herufi mbili, moja ya upweke na nyingine ya huzuni. Walikuwa na namna nyingine za kuliandika, hii waliichagua. Koi kwa asili ni kumtamani asiyekuwepo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Kuachwa kuna jina lake, nalo ni shitsuren. Shitsu ni kupoteza, ren ni matamshi ya Kichina ya herufi ile ile ya koi. Umepoteza pendo. Anayekataliwa baada ya kusema "nakupenda" naye ameingia kwenye shitsuren, kwa sababu amepoteza tumaini alilokuwa nalo. Japani tendo hilo la kutamka ni kubwa kiasi cha kuwa na jina, kokuhaku, na uhusiano mwingi huanza rasmi hapo. Kataomoi kwa kawaida hukaa kabla ya mlango huo. Mtu amesimama nje, maneno yamo mdomoni, na maadamu hajayasema hakuna aliyemkataa. Uchungu wake una tumaini ndani yake. Mwimbaji wa shitsuren anajua jibu, ndiyo maana hata sauti yake hutoka tofauti.

Tazama wimbo wa Makihara Noriyuki wa mwaka 1992, Mō Koi Nante Shinai, ambao nimekuta umewekwa kwenye orodha za kataomoi zaidi ya moja. Mwanamume yumo katika nyumba waliyoishi pamoja na mwenzake, na miswaki ilikuwa miwili. Miswaki miwili! Hao walikuwa wapenzi, wakaachana. Kisha usikilize Hatsukoi wa Murashita Kōzō, wa mwaka 1983. Msichana anakimbia kwenye uwanja wa shule baada ya masomo, kijana anamtafuta kwa macho kutoka mbali, na neno la kumwambia halitoki. Wimbo mzima uko kwenye umbali huo. Hakuna kilichovunjika kwa sababu hakuna kilichoanza.

Kuna anayebisha kwamba mtu akiachwa na bado anapenda, si pendo limebaki la upande mmoja? Hoja yake ina uzito, na Wajapani wenyewe wakati mwingine huzungumza hivyo. Lakini kwa hali hiyo wana neno miren, kushindwa kumwachilia mtu moyoni, na miren hutazama nyuma. Kataomoi hutazama mbele. Katika Takane no Hanako-san, wimbo wa bendi ya back number wa mwaka 2013, kijana anatamani msichana atokeze ghafla kwenye kona ya njia, sasa hivi. Jina la wimbo limecheza na msemo wa ua lililo juu ya kilele, linaloonekana lakini halifikiki, likachanganywa na Hanako, jina la kawaida la msichana. Anajua ua liko juu. Bado anaitazama ile kona.

Jambo la pili ni dogo lakini linapotosha vilevile: sauti ya mwimbaji haikuambii nani anapenda. Mori Shinichi, mwimbaji wa enka, yaani nyimbo za Kijapani za huzuni na mapenzi, alianza mwaka 1966 na wimbo unaoitwa Onna no Tameiki, yaani pumzi ya huzuni ya mwanamke, akiimba kwa nafsi ya mwanamke na ile sauti yake iliyokwaruza. Kwa upande wa pili, wasichana wa kundi la AKB48 wana nyimbo nyingi ambamo anayesema ni mvulana. Katika Ponytail to Chouchou, wa mwaka 2010, mvulana anamtazama msichana wa nywele zilizofungwa akikimbia ufukweni na hamwambii kitu. Hiyo ni kataomoi ya mwanamume, imeimbwa na wasichana. Kinachokuonyesha ni kiwakilishi boku, "mimi" ya kiume iliyo laini, ambayo herufi yake kwa asili ni mtumishi. Ipo pia ore, "mimi" ya kiume yenye kifua. Boku ndiyo inayomfaa zaidi anayependa kwa kunyamaza, na ukisikia mwimbaji akihama kutoka moja kwenda nyingine, tega sikio.

Kwa hiyo nyinyi mnaotafsiri, na kazi yenu naithamini, wimbo wa Makihara uandikieni shitsuren. Kwa Kiswahili "kuachwa" inatosha. Na kama mnatafuta wa kuuweka mahali pake kwenye orodha ya kataomoi, wekeni wa Murashita.