Maana ya "utegemezi wa gari"

Mwezi uliopita familia yetu ilifanya kikao kwa simu, wengine tukiwa Dar es Salaam na wengine pembezoni mwa Houston, katika jimbo la Texas, na ajenda ilikuwa moja. Baba mkubwa, mwenye umri wa miaka 79, alikuwa amegonga sanduku la barua la jirani wakati akirudisha gari nyuma, na watoto wake walitaka aache kuendesha. Katika saa ile moja nilisikia mara saba kwamba mzee "ana utegemezi wa gari", na kila mara maneno hayo yalitamkwa kwa sauti tunayotumia tukisema kwamba fulani ana ulevi. Waliosema ni watu waliosoma, na wanampenda baba yao. Hata hivyo neno hilo walilikosea, na kwa kuwa si wao wa kwanza kulikosea, nimeona niandike.

Utegemezi wa gari ni hali ya mahali ambapo mkazi hawezi kufika anakohitaji kufika, yaani dukani, hospitali, kwenye ibada na kwa watu wake, pasipo gari la binafsi, kwa sababu ya umbali, namna barabara zilivyojengwa na ukosefu wa usafiri wa umma. Dhana hii ilienea hasa baada ya mwaka 1989, pale Peter Newman na Jeffrey Kenworthy wa Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, walipochapisha ulinganisho wa miji 32 ya dunia na kuonyesha kwamba kadiri makazi yanavyotawanyika ndivyo kila mkazi anavyotumia petroli nyingi zaidi. Houston ilikuwa miongoni mwa miji iliyotumia nyingi kupita kiasi, na Hong Kong miongoni mwa iliyotumia kidogo kabisa. Walichokipima ni miji, wala hawakupima mapenzi ya mtu kwa gari lake.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana, egemea na tegemea, na wengi huvichanganya. Anayeegemea ukuta amejipumzisha tu, na ukuta ukiondolewa atayumba kidogo kisha atasimama. Kinachotegemea kimebebwa, na kibebacho kikiondoka, chenyewe huanguka. Kwetu Rungwe mgomba wenye mkungu mzito hutegemezwa kwa mti wenye panda, ambao mkulima huukita ardhini na kuuelekeza shingoni mwa mgomba, na hajawahi kupita mtu shambani akasema mgomba huo ni mvivu. Shina ni laini, mkungu ni mzito, udongo umelowa na upepo unavuma. Mti wenye panda upo kwa sababu ya mambo hayo manne, na anayetaka kuuondoa hana budi kuyashughulikia kwanza.

Iweje basi utegemezi usikike kama aibu? Nadhani jibu liko katika historia yetu ya karibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliifanya kujitegemea kuwa sifa ya taifa zima, ikafuata Elimu ya Kujitegemea, na vizazi vyetu vikaimba neno hilo shuleni na kulima kwa jina lake. Kiambishi kidogo cha "ji" kikabeba heshima yote, na kinyume chake kikabaki na lawama. Tangu wakati huo tunasema bajeti tegemezi, nchi tegemezi na kijana tegemezi, na katika kila msemo huo mna dokezo kwamba mhusika angetaka angeweza kusimama mwenyewe. Silipingi Azimio hata kidogo, na baba mkubwa ni mtu wa kizazi chake kabisa, kwani hadi leo hapendi kuombewa chochote. Ninachosema ni kwamba lawama hiyo ilizaliwa katika siasa ya taifa changa, na tunapoihamishia kwa mzee anayeishi nje kidogo ya Houston tunamtwisha mzigo usio wake.

Takwimu nazo zimeongeza mkanganyiko. Watu wa takwimu wanapokokotoa uwiano wa utegemezi huwahesabu watoto walio chini ya miaka 15 na wazee wa miaka 65 na zaidi kuwa tegemezi, hata kama mzee huyo bado analima na kusomesha wajukuu. Ni hesabu yenye manufaa katika mipango ya nchi, lakini ikishuka mezani kwa familia hugeuka hukumu. Kila Jumapili baba mkubwa huwachukua wajane wawili wa mtaa wao na kuwapeleka kanisani, na siku za wiki humpeleka mama mkubwa kwenye mazoezi ya goti. Tukitumia neno kwa maana yake halisi, kuna wanawake watatu wanaomtegemea yeye.

Nilikaa kwake wiki tatu, na siku moja niliamua kwenda kwa miguu kwenye duka la dawa, ambalo halifiki kilomita mbili kutoka mlangoni pake. Njia ya waendao kwa miguu iliishia kwenye geti la mtaa. Kuanzia hapo nilitembea juu ya nyasi kando ya barabara ya njia sita, jua likiwaka, pasipo kivuko wala kibanda cha basi kwa kuwa basi lenyewe halipo, mpaka mama mmoja akasimamisha gari na kuniuliza kwa huruma kama langu limeharibika. Swali lake lilinifundisha zaidi ya kitabu. Mahali pale, anayetembea huonekana kuwa mtu aliyepatwa na mkasa.

Hata msaada wa sheria hufuata mahali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inayataka mashirika yenye mabasi ya umma kuwapa usafiri maalumu wale wasioweza kupanda mabasi hayo, lakini wajibu huo unaishia robo tatu ya maili, karibu kilomita 1.2, kutoka kwenye njia ya basi. Palipo na basi mzee ana haki hiyo. Pasipo na basi hata haki hiyo hana, ingawa goti linauma vilevile.

Simaanishi kwamba mzee aendelee kuendesha vyovyote awavyo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi ndani takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20, ndiyo maana taa za magari yanayokuja usiku humsumbua mno. Katika makutano ya barabara za Marekani, ambako magari hupita upande wa kulia, kukata kona ya kushoto humlazimu dereva kukadiria mwendo wa magari yanayomjia usoni, na hapo ndipo wazee hugongwa sana. Mwili wake nao ni dhaifu, kiasi kwamba mgongano ambao kijana angetoka nao na michubuko unaweza kumwua. Tarehe 16 Julai 2003, katika soko la wakulima la Santa Monica, California, dereva mwenye umri wa miaka 86 alipita na gari katikati ya watu, wakafa 10 na kujeruhiwa zaidi ya 60. Hakuna maelezo ya dhana yoyote yanayoweza kuyafuta hayo, na watoto wa baba mkubwa wana haki ya kuogopa.

Lakini tazameni linalofuata baada ya funguo kutolewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikadiria kwamba madereva wenye umri wa miaka 70 hadi 74 wangeishi, baada ya kuacha kuendesha, miaka ipatayo 7 kwa wanaume na 10 kwa wanawake. Ni miaka mingi kuikaa sebuleni. Huko Japani, baada ya dereva wa miaka 87 kuwagonga na kuwaua mama na binti yake mdogo katika eneo la Ikebukuro, Tokyo, mwezi Aprili 2019, watu zaidi ya 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari katika mwaka huo mmoja. Aliyeirudisha Tokyo alibaki na treni. Aliyeirudisha katika kijiji ambacho basi limeondolewa alibaki na hisani ya majirani, na wote wawili walikuwa na umri uleule chini ya sheria ileile.

Mtu aliyeielewa dhana hii kwa uchungu kuliko wataalamu wengi ni Katherine Freund wa Portland, katika jimbo la Maine, mji ambao leo una wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mwaka 1988 mwanawe wa miaka 3 aligongwa na dereva wa miaka 84 na kuumia vibaya. Angeweza kuyamaliza maisha yake akimlaumu mzee yule, lakini yeye aliuliza mzee yule angefikaje alikokuwa akienda kama asingeendesha, na mwaka 1995 akaanzisha huduma ya usafiri ambayo mzee anaweza hata kuikabidhi gari lake na thamani yake ikageuzwa kuwa safari za kupelekwa na kurudishwa. Kwa lugha ya Rungwe, alikita mti mwingine wenye panda kabla ya kuung'oa wa kwanza.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina chombo cha kulisema jambo hili ambacho lugha nyingi hazina. Neno mahali lilitujia kutoka Kiarabu, lakini lilipofika halikupangwa pamoja na majina ya vitu. Lilipokewa katika ngeli ya zamani ya Kibantu, ngeli ya PA, ambamo limebaki karibu peke yake. Kwa hiyo mtu anategemea, mji unategemea, na mahali panategemea, na kiambishi cha mwanzo kinatosha kumwonyesha msikilizaji ni nani au nini kinachobebwa.

Kaka yangu mpendwa uliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile, nakuomba basi urekebishe kiambishi hicho kimoja. Usiandike katika muhtasari kwamba baba ana utegemezi wa gari. Andika kwamba baba anaishi mahali panapotegemea gari, na kwamba macho yake hayamruhusu tena kuendesha usiku. Chini ya sentensi hizo mbili, weka swali ambalo baba mkubwa aliliuliza kwa upole karibu na mwisho, simu zilipokuwa zikikatikakatika na sisi tukawa tunaagana bila kumjibu: Jumatano, nani atampeleka mama kwenye mazoezi ya goti?