Je, wajua kwa nini fowili (gari linalovuta tairi zote nne) ya zamani inagonga "kong" ukiachia mafuta?

Kama una Land Cruiser 80 au fowili yoyote yenye umri huo hapa Arua, huu mlio unaujua. Uko gia ya pili unaachia mafuta, kong, unakanyaga tena, kong, ukiipeleka kwa fundi jibu la kwanza ni difu (gia za katikati ya ekseli) imekufa, shuka Kampala pale soko la spea la Kisekka ukatafute nyingine. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, kidogo tu nitoe hela yote, kumbe difu ilikuwa nzima.

Sikia inavyokuwa. Nguvu ya injini inapita safari ndefu: klachi, giaboksi, transfa (inagawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ndefu ya chini ya gari) na krosi zake (viungo vyake vya kupinda), difu, ekseli, mpaka flenji ya habu (kisahani kinachounganisha shafti na gurudumu) kwenye tairi. Kila mahali meno yanaposhikana lazima ibaki nafasi kidogo ya oili, bila hiyo yangeungua. Nafasi moja moja huisikii, ila zinajumlishana, halafu ukiachia mafuta tairi ndo zinaanza kuisukuma injini, kwa hiyo meno yote yanahama kwa mpigo kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ndo kong yenyewe.

Watu wanapodanganyika ni hapa, mtu analala chini anashika propela, anaona inacheza sana, anasema difu. Lakini 80 nyingi zina difu ya 4.1, yaani tairi ikizunguka mara moja propela imezunguka mara 4.1, so splaini za habu (meno yanayoshikanisha shafti na flenji) zikilegea digrii 2 tu pande zote mbili, kwenye propela utaona digrii 8! Meno ya kraun na pinioni (gia mbili kuu za ndani ya difu) yakiwa mazima nafasi yake ni kama 0.15 hadi 0.2 mm, ambayo pale kwenye propela haifiki hata nusu digrii. Kwa hiyo pleyi (huko kucheza) kubwa usiipime kwa jumla, itafute inaishia wapi.

Weka gari mahali pa tambarare, nyutro, mawe mbele na nyuma ya tairi. Usiamini hendibreki peke yake, hasa ukiwa na Land Rover Defender ya zamani, maana hendibreki ya hiyo gari inashika propela na si tairi, ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma difu inaruhusu lile lingine lizunguke na gari linaondoka juu yako. Hiyo tafadhali isichukuliwe kirahisi.

Chora mstari wa choki kwenye kila kiungo, mwenzako azungushe propela taratibu huku na huku, wewe na tochi uangalie mstari unakatikia wapi. Kwenye krosi ukikatika hata kidogo, krosi imeisha, na ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake ujue grisi ilishakauka zamani. Flenji ya pinioni ikipanda na kushuka ni beringi, hapo ndo difu inahitaji fundi kweli. Vyote vikitulia, fungua kifuniko cha habu ya mbele uangalie: ncha ya shafti ikitikisika na flenji imetulia, splaini zimeliwa. Pia mwaga oili ya difu kidogo, matope laini kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Na ile kong inayokuja ukisimama kabisa au ukianza kuondoka, mara nyingi ni splaini za propela zinazoteleza kukosa grisi tu. Jaribu bomba la grisi kwanza kabla hujafungua kitu. Ukilazimika kushusha propela, piga alama kabla ya kufungua, maana ikirudi imegeuzwa krosi zake hazikai kama zilivyokuwa na gari litatetemeka mpaka usukani.

Yangu ilikuwa flenji mbili za mbele, zimeliwa na ile njia ya murram ya kwenda Yumbe. Nilibadilisha hizo mbili, nikapiga grisi propela zote, kong imebaki ndogo ya gari la zamani, difu ni ile ile iliyokuja nayo.