"Mwanao ndiye kamharibu wangu": tunachokosea kuhusu marafiki na vilevi

Mwaka juzi, katika sekondari ya kutwa ninayofundisha, niliwaita kina mama wawili ofisini. Vijana wao wa kidato cha pili walikuwa wamekutwa na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni. Pakiti ilifichwa ndani ya mkebe wa hesabu, chini ya bikari, na vumbi la tumbaku limeganda kwenye ncha za penseli. Sijamaliza hata kueleza, mama wa kwanza akamgeukia mwenzake: "Mwanao ndiye kamharibu wangu." Yule naye palepale: "Wako ndiye! Wangu hakuyajua haya mpaka alipoanza kuongozana naye."

Mimi ni mwalimu wa malezi, na maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno. Yananiuma kwa sababu yana ukweli ndani yake, ila ni ukweli nusu, na hiyo nusu inatupeleka kwenye dawa isiyo yake.

Dhana: Mtoto alikuwa mzuri, marafiki wabaya wakamharibu

Kijana huwachagua marafiki kabla hawajambadilisha. Mwaka 1978 mtafiti Denise Kandel alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York, Marekani, pamoja na marafiki zao, tangu mwaka wa shule unaanza hadi unaisha. Aliona mambo mawili. Wanaofanana, kwa mfano wote wanavuta bangi au wote hawavuti, walitafutana wenyewe. Wakishakuwa marafiki, wakazidi kufanana. Uzito wa mambo hayo mawili ulikaribiana, na pale rafiki mmoja alipotumia na mwenzake hatumii, urafiki wenyewe ulielekea kuvunjika.

Kwa hiyo swali la "nani alimwanza mwenzake" mara nyingi halina jibu. Lenye jibu ni hili: mtoto alikuwa anatafuta nini kwenye kundi lile? Pengine masomo yamemshinda na anaona haya. Pengine nyumbani kuna ugomvi, au kuanzia saa tisa hadi magharibi hana pa kwenda wala la kufanya. Ukimhamisha shule bila kuligusa hilo, muhula hauishi kabla hajawapata wenzake huko ulikompeleka.

Dhana: Walimlazimisha

Nimewauliza wanafunzi wengi siku ya kwanza ilikuwaje. Ni nadra kumpata aliyeshikwa shati. Mmoja alinieleza hivi: wamekaa ukutani nyuma ya kibanda cha chipsi, sigara inapita mkono kwa mkono, ikamfikia. Hakuna aliyemwambia vuta. Hakuna hata aliyemtazama. "Sasa ningeirudisha vipi, mwalimu?"

Nilikosa la kumjibu siku ile, na bado huwa ninamfikiria. Shinikizo la rika kwa sehemu kubwa halisemi neno. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Wenzao walipokuwepo, vijana balehe walijihatarisha zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima, kutazamwa hakukuleta tofauti kubwa.

Ndiyo maana somo la "sema hapana" peke yake halifiki mbali. Mpango wa DARE, ulioanza Los Angeles mwaka 1983 na kuwaingiza polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa, ulipimwa mara nyingi, na vipimo vikaonyesha kuwa haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Neno hapana kijana analijua. Asichokijua ni kwamba akishalisema, kesho mapumziko atakaa na nani.

Dhana: Kila mtu anatumia

Hii ni ya vijana wenyewe, na tafiti nyingi za sekondari na vyuo zimeonyesha kuwa hukadiria kwamba wenzao wanatumia zaidi kuliko hali ilivyo. Sababu iko wazi. Anayevuta anaonekana na anasimuliwa. Hakuna anayekuja Jumatatu kusimulia kwamba Jumamosi hakunywa kitu.

Dhana: Asiye na kundi yuko salama

Wazazi wengi hujivunia mtoto "asiye na makundi". Susan Ennett na Karl Bauman, mwaka 1993, walichora nani ni rafiki wa nani katika shule tano za Marekani. Waliovuta sigara zaidi walikuwa wale waliobaki pembeni bila kundi, si wale waliokuwa ndani ya makundi. Upweke nao unatafuta kitulizo.

Dhana: Wakusanyeni watundu wote pamoja, muwaonye

Hapa ninajisema na mimi. Tunawakamata watano, tunawapa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima, wakiwa wao kwa wao. Mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye dalili za utukutu kwenye vikundi vya mafunzo kuliongeza uvutaji wa sigara badala ya kuupunguza. Mmoja anasimulia kosa, wengine wanacheka, na kicheko kinakuwa zawadi. Kwa majembe yetu tulikuwa tunawajengea kijiwe ndani ya shule. Nimeacha.

Dhana: Marafiki ni hatari tu

Njia ileile inayopitisha sigara hupitisha na mengine. Katika shule 59 za Uingereza na Wales, wanafunzi wa miaka 12 na 13 waliulizwa ni wenzao gani wanaowaheshimu. Waliotajwa zaidi, na si vipenzi vya walimu, walifundishwa kuhusu madhara ya sigara, kisha kwa wiki kumi wakawa wanazungumza na wenzao kwa kawaida tu, njiani na wakati wa chakula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya mwaka mmoja, uvutaji ulikuwa mdogo kuliko kwenye shule zilizoendelea na utaratibu wao wa zamani.

Lipo jingine, nalo ndilo nililowasomea wale kina mama. Mwaka 2012 Holly Shakya na wenzake, wakitumia takwimu za vijana wa Marekani, waligundua kwamba kijana ambaye mama wa rafiki yake ana upendo na msimamo kwa pamoja alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kunywa hadi kulewa. Mama wa rafiki, si wake wa kumzaa.

Wakanyamaza kidogo. Nikawauliza vijana wao wamefahamiana tangu lini. Tangu darasa la nne. Na nyinyi? Hawakuwahi kukutana hadi asubuhi ile. Mama wa kwanza akaufungua mkoba, akatoa simu.

"Unakaa wapi, mama?"

"Nyuma ya msikiti, nyumba ya mabati ya kijani."

"Basi mimi niko mtaa wa pili tu. Hebu nitajie namba yako."

Wakatoka pamoja, na vijana wao nyuma.